Maswali ya Wasomaji: Je, Nimetenda Dhambi Isiyosameheka?

Swali: Nikiwa na hasira nilitamka maneno mabaya juu ya Roho Mtakatifu. Tangu siku hiyo nikipiga magoti siwezi kuomba. Je, ndiyo ile dhambi isiyosamehewa?

Jibu: Kwa ulivyoeleza, hapana. Fungua Marko 3 usome mstari wa 20 hadi wa 30 bila kukatiza. Wengi huanzia mstari wa 28 na kuishia wa 29, wakabaki na onyo lisilo na maelezo, kwamba anayemkufuru Roho Mtakatifu hasamehewi milele, ilhali sababu yake imeandikwa mstari wa 30: Yesu alisema hivyo kwa vile wao walisema ana pepo mchafu. Hao ni waandishi, yaani walimu wa sheria, walioshuka kutoka Yerusalemu, wanatajwa mstari wa 22. Mathayo 12:22 anaongeza kilichotangulia: mtu mwenye pepo, kipofu tena bubu, aliletwa kwa Yesu akaponywa, akawa anaona na kusema. Wapinzani hawakubisha kwamba mtu yule amepona. Waliiona kazi ya Mungu kweupe, wakasema ni ya Beelzebuli, mkuu wa pepo. Kufuru inayozungumziwa ni hiyo ya kuijua nuru na kuiita giza kwa makusudi.

Sasa walinganishe na Petro na Paulo. Petro alimkana Bwana mara tatu, na ya mwisho kwa kulaani na kuapa (Marko 14:71), lakini katika Yohana 21 anakabidhiwa kondoo. Paulo anakiri katika 1 Timotheo 1:13 kwamba hapo kwanza alikuwa mtukanaji, akapata rehema kwa kuwa alitenda kwa ujinga na kutoamini. Ulimi wao haukuwafungia mlango.

Huenda mtu akakuonyesha Waebrania 6:4-6, panaposema walioanguka hawawezi kufanywa upya tena hata wakatubu, ili kukutisha. Mwombe asome mpaka mstari wa 9, ambapo mwandishi anawageukia wasomaji wake na kuwaambia kwamba juu yao ana hakika ya mambo mazuri zaidi, yaliyo na wokovu. Onyo lile ni kali kweli, ila halikuandikwa kwa ajili ya kumkatisha tamaa anayelia akitaka kurudi.

Ungama neno ulilolisema, lishike andiko la 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu hutusamehe, kisha usirudie toba ileile kila saa. Lakini kama mawazo ya kufuru yanakuvamia mara nyingi kwa siku bila wewe kuyataka, na unajikuta ukirudia sala ileile ili kuyafuta, zungumza na mchungaji au padre wako na pia mtaalamu wa afya ya akili. Hali hiyo inajulikana na ina matibabu. Kurudia sala ya kufuta kunaipa nguvu zaidi, kwa sababu kila unapofuta unajithibitishia kwamba wazo lile lilikuwa hatari. Kwenda kwa daktari hapa si upungufu wa imani hata kidogo.

Swali: 2 Wafalme 8:26 inasema Ahazia, mfalme wa Yuda, alianza kutawala akiwa na miaka 22. 2 Mambo ya Nyakati 22:2 inasema 42. Ipi ni kweli?

Jibu: 22. Hesabu yenyewe inaamua, na kitabu kilekile cha Nyakati ndicho kinachotupa tarakimu. Rudi sura ya 21, mstari wa 20: Yehoramu, baba yake, alitawazwa akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8. Alikufa basi akiwa na 40, na Ahazia akashika kiti mara moja. Angekuwa na 42, mtoto angemzidi baba yake miaka miwili. Tena 22:1 inasema Ahazia alikuwa mwana mdogo kuliko wote, maana wakubwa wake walikwisha kuuawa.

Hata 22 inabana kidogo, kwani Yehoramu angempata akiwa na 18, wakubwa wake wakiwa wamezaliwa tayari. Ila 21:17 inataja wake zake kwa wingi, kwa hiyo inawezekana.

Kosa liliingia katika kunakili. Vitabu hivi vilinakiliwa kwa mkono karne nyingi, na tarakimu ni rahisi kukosewa kuliko sentensi, kwa kuwa maneno ya jirani hayamsaidii mnakili kugundua kosa. Tafsiri ya kale ya Kisiria ina 22 mahali hapo. Wapo wanaosema 42 ni miaka iliyohesabiwa tangu ukoo wa Omri, mfalme wa Israeli, uanze kutawala. Hatuwashauri kuifuata njia hiyo, kwani mstari unataja umri wa mtu. Jozi nyingine ya kupima ni umri wa mfalme Yehoyakini alipoanza kutawala: 18 katika 2 Wafalme 24:8, na 8 katika 2 Nyakati 36:9.

Swali: Kwa nini Yesu aliulaani mtini wakati haukuwa msimu wa tini?

Jibu: Angalia Marko alivyopanga sura ya 11. Mtini unalaaniwa (12-14), hekalu linasafishwa (15-19), mtini unaonekana umekauka (20-21). Tukio la katikati ndilo linaloeleza la pembeni: majani mengi pasipo tunda, ibada nyingi pasipo haki. Yeremia 8:13 alikwisha kuitumia picha hiyohiyo kwa Yuda.

Swali: Mwanangu ameokoka, sasa hataki kunisaidia. Anasema Luka 14:26 inamwamuru amchukie baba na mama. Nimjibu nini?

Jibu: Mpe maandiko mawili. La kwanza ni Mathayo 10:37, ambapo agizo hilo limesemwa kwa namna nyingine: asiwapende wazazi kuliko Kristo. Ni suala la nani awe wa kwanza, wala halimtaki aache kuwapenda. La pili ni Marko 7:9-13. Humo Yesu anawakemea watu waliotamka kwamba mali iliyopaswa kuwasaidia wazazi ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakawaacha baba na mama mikono mitupu. Mwombe aisome mwenyewe kwa sauti, mkiwa wawili tu, kisha mzungumze juu ya mahitaji yako ya mwezi huu.