Mayai ya mto Tana na hiyo shamba ya mamba

Kaka, umeuliza kama ukiokota mayai ya mamba pale Tana ukayatotolesha kwako utaweza kuuza ngozi nje ukisema ni mamba wa kufugwa. Hapana, usiandike hivyo kabisa! Kwa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, yai la porini linaingia alama R kwenye kibali, ile C ni ya watoto ambao baba na mama walipandana humohumo shambani, na hao wazazi uwe na makaratasi ya kuonyesha uliwapata kihalali. Ukichanganya hizo mbili mzigo utazuiliwa huko unakoenda, na mto nao unaumia maana hakuna anayejua mayai mangapi yametoka.

Mamba wa Kenya wako Apendiksi ya 2, yaani orodha ya pili ya CITES, kwa hiyo biashara inaruhusiwa, lakini anza na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla hujagusa hata yai moja, leseni ya shamba kwanza, halafu kibali cha kuokota. Kila ngozi lazima ivae tegi, yaani kitambulisho kisichofunguka, ina KE ya Kenya, namba yake, NIL ya mamba wa Nile na mwaka. Na daftari la vizimba andika kila siku, waliototolewa, waliokufa, wote, mimi ningeanzia hapo.