Siku Zinazofanana Zitie Alama Mapema

Anayenunua viazi kwa wakulima wa Isongole na kuvishusha sokoni Mwanjelwa, Mbeya, anaishi asubuhi ileile kila mara: ukungu, magunia, mizani (au lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi, tusidanganyane), kuhesabu hela, kupakia gari. Wiki zikipita, mkulima anasema hajamaliziwa, nawe unakumbuka kabisa ukimkabidhi. Mara nyingi hakuna mwongo hapo. Kila mmoja ameshika siku yake, na siku zenyewe ni kama mapacha.

Kazi ya kuzitenganisha hufanyika ndani ya ubongo, kwenye hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu. Kuna sehemu yake yenye seli nyingi mno, ila kwa tukio moja zinaamka chache tu; hivyo matukio yanayokaribiana huangukia seli tofauti. Sehemu nyingine hufanya kinyume: ikipata kipande kidogo, hurudisha tukio zima. Jambo hili la pili mwanasayansi wa ubongo David Marr alilieleza mwaka 1971. Sasa kama kipande chenyewe ni harufu ya udongo mbichi wa viazi, ambayo ipo kila siku, unaweza kuletewa siku isiyo yenyewe, tena ukaapa kwa jina la Mungu.

Ndiyo maana siamini ushauri wa "kuwa makini tu". Tofauti iwekwe siku ileile. Mimi simalizani na wakulima wote pale kwenye mizani. Huyu namlipia barazani kwake, yule chini ya mparachichi, na natamka kwa sauti: "Mama, hii ni ya shamba la bondeni, ya mlimani bado." Vijana wa kupakia hucheka. Acha wacheke. Daftarini, pembeni ya tarehe na kiasi, naandika kituko cha siku: gari lilikwama, mbwa alikula chapati ya dereva.

Kigumu zaidi ni dawa ya presha, maana kunywa kidonge hakuna kituko. Swali si kama huwa unakunywa, ni kama umekunywa leo. Tena umri ukisogea, uwezo wa kutenganisha hupungua, kwa hiyo kumfokea mzee "si umeshakunywa!" ni kumwonea. Shangazi yangu wa Tukuyu tulimwandikia siku kwa kalamu nyuma ya pakiti, kila kidonge na siku yake. Akianza kubishana na wajukuu, wanaigeuza pakiti. Cha Jumatano hakipo? Basi, shangazi, chai imeiva.