Neno ulilomtupia mumeo

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, huu ni mwaka wa sita wa ndoa, nauza vitenge sokoni hapa Morogoro. Mwezi uliopita niligombana na mume wangu kuhusu ada ya mtoto. Mimi nakumbuka alisema atalipa yote, yeye anasema alisema nusu. Mdogo wangu anayesoma chuo akaniambia, 'Dada, huyo anakufanyia gaslighting.' Nikalibeba neno hilo nikamwambia mume wangu usoni. Alilitafuta kwenye simu, akarudi amenyamaza. Mpaka leo analala sebuleni, anasema nimemwita mtesaji. Zamani pesa zangu za kwenye kopo zilikuwa zikipungua, akawa ananiambia hata mbele ya mama yake kwamba sijui kuhesabu, ndiyo maana sasa anazitunza yeye. Lakini hayo yalishapita. Je, nililitumia neno vibaya? Nimwombeje msamaha?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna sentensi moja umeipitisha haraka, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Nitaifikia. Kwanza nikujibu ulichouliza.

Kwa habari ya ada, ndiyo, ulilitumia vibaya. Watu wawili wanaweza kukaa kitanda kimoja, wakazungumza jambo moja, kila mmoja akaamka na lake. Mimi na marehemu mume wangu tulibishana miaka mingi juu ya nani alisema mwembe wa uani ukatwe. Yeye aliapa ni mimi, mimi nikaapa ni yeye. Hakuna aliyekuwa akimdanganya mwenzake. Mumeo kukumbuka nusu pale unapokumbuka yote ni ubishi wa nyumbani, na hata kama anadanganya ili akwepe ada, huo ni uongo, jina lake tunalo.

Neno la mdogo wako lina historia yake. Mwaka 1938 Mwingereza Patrick Hamilton aliandika mchezo wa jukwaani uitwao Gas Light, yaani taa ya gesi, na mwaka 1944 Marekani ikatoa filamu yake, aliyeigiza mke akiwa Ingrid Bergman. Ni London ya zamani, nyumba zinawashwa taa za gesi inayopita kwenye mabomba. Mume anaaga kwamba anatoka, kumbe anapanda kisirisiri ghorofa ya juu kutafuta vito vya mwanamke aliyeuawa. Akiwasha taa huko juu, za chini zinafifia, kama maji ya bomba yanavyopungua bafuni mtu akifungua la jikoni. Mke anaona mwanga unapungua. Anaambiwa ni mawazo yake. Picha inatoweka ukutani, anaambiwa ameiondoa yeye, amesahau. Siku baada ya siku, mpaka mwanamke mwenye akili zake timamu anaanza kuamini kwamba anarukwa na akili.

Maana ya neno imebaki hapo hapo: kumfanya mtu, kidogo kidogo na kwa kurudia, asiamini tena macho yake, masikio yake na kumbukumbu zake, ili wewe ufaidike. Mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ililichagua kuwa neno la mwaka, na siku hizi kila anayepishana kauli na mpenzi wake analo mdomoni. Sisi tunasema kumpiga mtu changa la macho, tunasema kumgeuzia kibao, lakini hayo ni mambo ya siku moja. Changa likitoka machoni unaona tena. Hili linakuachia macho mazima, ila unaogopa kuyaamini. Ndiyo maana mumeo aliumia alipolisoma. Ni tuhuma nzito, na kwa ada hakustahili.

Sasa kopo.

Mwanangu, wewe unauza vitenge. Kutwa nzima unapokea noti, unarudisha chenji, mwingine amechukua doti mbili, mwingine amelipa nusu na atamalizia Jumamosi, na jioni hesabu yako inakaa. Kisha mtu huyo huyo akifika chumbani kwake hajui kuhesabu? Anayekosea kuhesabu hukosea pande zote mbili, leo zinapungua, kesho anazikuta zimezidi. Jiulize kama kuna hata siku moja ulifungua kopo ukakuta pesa zimezidi. Wewe umeniandikia zilikuwa zinapungua tu. Na mwisho wake ni kwamba anayekuambia hujui kuhesabu ndiye anayezishika, na mama mkwe ameshaambiwa, kwa hiyo hata ukilalamika kesho shahidi yupo wa kusema wewe ni msahaulifu.

Simhukumu mumeo kwa barua ya upande mmoja. Huenda hakuchukua hata shilingi. Ila neno uliloazima kwa mdogo wako, kama lina mahali nyumbani kwako, ni kwenye kopo, na hapo ndipo unaposema "yalishapita."

Kuhusu ada, mwombe radhi leo, kwa Kiswahili, bila kulitaja neno lile. "Baba fulani, nilikuita jina ambalo hukulistahili. Tulikumbuka tofauti. Nisamehe." Usiongeze "lakini." Kisha kaeni mgawane ada mwandike kwenye karatasi.

Zikipita siku chache, mwambie kwa upole kwamba pesa za biashara utazishika mwenyewe. Nunua daftari. Kila jioni andika tarehe na kiasi kabla hujaweka, kwa kalamu ya wino. Kama uko kwenye kikoba, peleka nyingi huko, kwa sababu vikundi vingi vina sanduku lenye kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti.

Halafu tazama. Akikubali, au siku moja akasema "nilichukua, nilibanwa," una mume wa kuzungumza naye, na mimi nitafurahi sana. Akikasirikia daftari, akakuambia hata ulichoandika kwa mkono wako umekosea, usibishane naye usiku huo. Nenda kwa wasimamizi wenu wa ndoa na daftari mkononi. Akikuinulia mkono, usingoje wasimamizi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Na mdogo wako usimgombeze. Alikosea mahali, ila alikuwa anakulinda.

Niandikie mwezi ukiisha. Uniambie daftari linasema ngapi na kopo lina ngapi.