Kwa mnaoanza kupima visima vya uchunguzi, kina cha maji kwanza chupa baadaye

Wadogo zangu mnaoanza fildi huku Dodoma, naona mkifika kwenye kisima cha uchunguzi, kile cha kufuatilia maji ya ardhini, haraka yenu yote ni chupa za sampo. Zitasubiri. Cha kwanza ni kina cha maji, yaani toka juu mpaka maji yanapoanzia ni mita ngapi, kabla hujawasha pampu wala kushusha beila (kile kichoteo cha kamba), maana ukishavuta maji kile kina umekivuruga na siku hiyo huenda usikipate tena.

Dipa, ile tepu ya kupimia inayolia ikigusa maji, unaishusha taratibu mpaka ilie, unainua kidogo, unashusha tena, unarudia. Namba zikipishana zaidi ya sentimita moja usichague inayokupendeza, jua maji yanapanda au yanashuka, kuna pampu jirani inavuta au imezimwa sasa hivi. Muulize opareta zipi zinawaka na toka saa ngapi, uandike. Umeme ukikatika usiku kucha asubuhi maji yamepanda, mtu ofisini anashangilia eti kisima kimejaa!

Halafu umepimia wapi? Hapa ndo data nyingi zinapofia. Alama iwe moja, kwenye mdomo wa kesingi (bomba la kisima), siyo kwenye zege leo na kwenye kifuniko kesho. Kama kesingi imetokeza sm 60 na dipa imesoma mita 23.40, maji yapo mita 22.80 chini ya ardhi. Mwenzako akija mwezi ujao akapimia kwenye zege bila kusema, kwenye grafu maji yataonekana yamepanda kumbe hayajasogea hata kidogo.

Na Makutupora, kwenye visima vinavyolisha mji wa Dodoma, ndo usilete mzaha kabisa. Pale kuna rekodi za kina toka miaka ya 1950, ni sehemu chache Afrika zenye kitu kama hicho, na ndizo zilizoonyesha kwamba yale maji hayajazwi na kila mvua, miaka mingi yanashuka polepole huku mji unavuta, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kama ule wa El Niño 1997/98 maji yanapanda kwa kasi. Sasa we ukiruka Januari au Februari kwa sababu njia ina tope, huenda ndo umeruka mwezi wenyewe tuliokuwa tunautafuta.

Kwenye sampo, maji yaliyolala ndani ya bomba hayatuambii habari ya ardhini, yatoe. Kawaida ni ujazo wa maji yaliyomo kisimani mara tatu, na uangalie pH (uchachu), EC (maji yanavyopitisha umeme) na joto mpaka vitulie. Piga hesabu kabla hujatoka ofisini: bomba la inchi 2 linabeba kama lita 2 kila mita ya maji, la inchi 6 kama lita 18, kwa hiyo ukiwa na mita 30 za maji kwenye inchi 6 ni lita 540, mara tatu ni 1,620, na kwa beila ya mkono utakesha. Kisima dhaifu kikikauka kiache kirudi ndo uchukue.

Chupa ya sampo ya kupima vyuma, maji yachujwe kwa chujio la mikroni 0.45 halafu utie asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Asidi hiyohiyo ukiipeleka kwenye chupa ya kupima naitreti umeshaongeza naitreti mwenyewe, na huku mjini kwenye vyoo vya shimo vingi hicho ndo kitu tunachokitafuta kwa hamu. Floraidi, hasa mkienda upande wa Singida, chupa ya plastiki siyo kioo. Ya bakteria usiisuuze, iweke kwenye barafu na ifike maabara mapema, ikiwezekana ndani ya masaa 6, kwa hiyo ratiba unaipanga kuanzia maabara kurudi nyuma, na Ijumaa jioni usichukue kabisa.

Dipa ioshe kabla ya kisima kinachofuata, anzia visafi malizia vichafu. Na kifuniko ambacho hakijaguswa muda mrefu ukikifungua simama pembeni, nyigu wanakipenda sana.