Usilipie huo waya, mkuu: kata ncha uikwangue kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika unafunga kamera 8 za ulinzi, ya mbali kabisa iko getini mita 80 kutoka ilipo rekoda inayohifadhi picha, ukauliza na habari za swichi, diski na kuangalia kwa simu, na muuzaji amekushauri uchukue boksi la Cat6, ile kebo ya mtandao, la bei ya chini kwa sababu "waya ni waya tu, hela weka kwenye kamera". Hiyo kauli naijua. Niliambiwa hivyo hivyo na fundi aliyekuja nyumbani na boksi lake begani, na mpaka leo nikiikumbuka damu inachemka. Kama waya ni waya tu, basi na maji ni maji tu, aende akanywe ya bahari.

Kebo za aina hiyo mara nyingi ni alumini iliyovalishwa ngozi nyembamba ya shaba. Wenyewe huziita CCA. Ukimenya ncha unaona wekundu wa shaba, unaridhika, unalipa. Sasa alumini haipitishi umeme kama shaba: kwa unene uleule, ukinzani wa waya huo unazidi wa shaba tupu kwa zaidi ya mara moja na nusu. Juu ya hapo, wengi wanaozitengeneza wanapunguza na unene. Viwango vya kebo za mtandao, TIA-568 na ISO/IEC 11801, vinataka shaba, kwa hiyo hata boksi likiandikwa Cat6 kwa herufi kubwa kiasi gani, hiyo siyo Cat6. Kwa kompyuta iliyo chumba cha pili huenda usione tatizo lolote. Lakini wewe humo humo unataka kupitisha na umeme wa kamera.

Swichi, kile kisanduku cha kuunganishia kebo za kamera, ikiwa ya 802.3af, yaani kiwango cha kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, inatoa mpaka wati 15.4 kwenye tundu, na kamera upande wa pili inahakikishiwa wati 12.95 tu. Hiyo tofauti ndiyo hasara ya njiani, na hesabu yake imepigwa kwa kebo inayofuata kiwango, mwisho mita 100. Ukiweka alumini nyembamba umekwisha kula akiba yote kabla kamera haijawaka.

Na ubaya wake ni kwamba tatizo linajificha mchana. Mchana kamera inakula wati chache, picha safi, kila mtu anafurahi, fundi analipwa anaondoka. Kigiza kikiingia, kamera inawasha taa zake za infraredi na matumizi yanapanda ghafla, pengine mara mbili. Kwangu ilikuwa hivi: picha inageuka nyeusi na nyeupe, vitaa vyekundu vinawaka kuzunguka lenzi, unasikia "tik" ya kichujio ndani ya kamera, halafu kioo kinakuwa cheusi. Baada ya muda inarudi, inawasha taa, "tik", imezima tena. Usiku kucha. Yaani saa ambazo mwizi anatembea ndizo kamera ya getini haikuwepo.

Unampigia fundi, anakuja asubuhi jua limewaka, kila kitu kinafanya kazi. "Mbona nzima?" Baadaye akasema kamera ni mbovu, tukabadilisha. Ikaja zamu ya swichi, tukabadilisha. Mwisho akasingizia umeme wa nyumba. Hakuna siku aliyotaja kebo, na boksi alilileta yeye! Huo siyo ujinga, ni kukwepa, kwa sababu alijua ukianza kutaja kebo lazima dari lifunguliwe.

Aliyemaliza kazi ni mtu mwingine kabisa. Alishusha ile kamera ya getini, akaifunga kwa kebo fupi ya shaba pembeni ya swichi, akaiacha ilale hapo na taa zake. Haikuzima hata mara moja. Kesho yake akaomba wembe, akakata kipande cha kebo, akaukwangua uzi mmoja. Ule wekundu ukatoka wote, chini nyeupe. Akafungua na kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kinachochomekwa kwenye tundu: alumini ni laini, meno ya kichwa yanaibana halafu inalegea, na ikikutana na hewa inajitengenezea utando usiopitisha umeme. Ndiyo maana kamera nyingine zilianza vizuri zikaja kuharibika polepole.

Hapo ndipo gharama ilipo, mkuu. Kamera mbovu unaishusha kwa bisibisi, rekoda unaibadilisha mezani. Kebo iliyofukiwa kwenye plasta bila paipu unaitoaje? Tulijaribu kuivuta, ikakatikia ndani. Tukapasua ukuta uliokwisha pakwa rangi, tukafungua dari, tukaanza upya. Nilicholipa kwa ukuta na dari kilizidi kamera zote.

Kwa hiyo nenda dukani na wembe. Usiulize "hii ni nzuri?", sema "nikatie kipande". Kwangua uzi mmoja: shaba tupu ni nyekundu mpaka ndani. Kisha ukunje na kuukunjua palepale. Alumini inakatika mapema, shaba inavumilia. Nyanyua na boksi, maana la shaba ni zito waziwazi ukilinganisha na lingine la urefu huohuo. Soma maandishi ya kwenye ganda pia, ila usiyaamini peke yake. Muuzaji akikataa kukata, ondoka. Na kebo ya kwenda getini iwe ya nje, ganda linalohimili jua, ipite kwenye paipu, kipande kimoja moja kwa moja. Mtu asikuunganishie katikati kwa kusokota na tepu.

Kuhusu swichi uliyouliza: angalia jumla ya wati, usiangalie idadi ya matundu. Yenye matundu 8 na wati 60 kwa yote, kamera 8 zinazofika wati 9 usiku zinataka 72, hesabu imekataa. Na isiwe ile ya volti 24 inayosukuma umeme bila kuulizana na kamera kwanza. Taka iliyoandikwa 802.3af au 802.3at, ambayo ni ileile yenye nguvu zaidi. Nywila za kiwandani badilisha zote siku ya kwanza, ndizo zilizoipa Mirai, programu ya wadukuzi, njia ya kuteka kamera nyingi mwaka 2016.

Hayo mengine ya diski na simu yatakuja, hayana haraka. Leo usilipe. Kata hiyo ncha, ikwangue, piga picha kwa karibu mwangani, uiweke hapa tuione.