Amepata laiki tisa, akafuta picha akalia

SWALI: Mwalimu habari za siku. Nina msichana wa miaka 13, yuko gredi 8. Nilimnunulia simu Disemba juu walimu wanatuma kazi kwa WhatsApp na mimi nikienda kazini naenda na yangu. Sasa Jumapili tukitoka kanisa akapiga picha hapo kwa ngazi za ploti, akaposti, akakaa anaifungua anaifunga, anaifungua anaifunga, chakula kikapoa. Laiki zikafika tisa zikakwama. Akaifuta picha akaingia chumbani kulia. Nikimuuliza ni nini ananiambia "mum huwezi elewa". Usiku naona mwangaza chini ya blanketi hadi saa saba na saa kumi na moja lazima aamke, hiyo ndio vita yetu ya kila siku. Babake anasema simu ivunjwe. Huyu mtoto amerogwa?
Mama, Umoja

JIBU: Hajarogwa mama, na baba asivunje kitu mmenunua na jasho lenu.

Wewe ukiangalia tisa unaona tisa. Yeye anaona darasa zima limempigia kura na hesabu imebandikwa ukutani. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA huko Marekani waliwalaza vijana wa miaka 13 hadi 18 ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha picha zikiwemo za vijana wenyewe, na laiki za kila picha walikuwa wamezipanga watafiti bila vijana kujua. Kijana akiona picha yake imelaikiwa sana, ile sehemu ya ubongo ya raha na zawadi inachangamka, hiyohiyo inayochangamka ukila chokoleti ama ukishinda pesa. Tena picha ikiwa na laiki nyingi na wao wanailaiki, hata kama ni ya mtu anafanya mambo ya hatari. Sasa hiyo sehemu huwa moto sana miaka hii ya kubalehe, na ile ya mbele nyuma ya paji la uso, ile hukwambia "hebu ngoja kwanza", inaendelea kukomaa hadi mtu ana miaka ishirini na kitu. Kwa hivyo akikwambia huwezi elewa hakutukani, ni kweli wewe tisa haikuumi.

Sisi tulichekwa pia, mimi nilichekwa viatu mwaka mzima, lakini kengele ikilia unaenda nyumbani na wao wanaenda kwao. Huyu anachekwa hadi kitandani.

Na umri wake ndio penyewe. Uchambuzi wa data za Uingereza uliotoka 2022 ulionyesha wasichana wanaguswa zaidi na mitandao wakiwa miaka 11 hadi 13, wavulana 14 na 15, halafu wote tena karibu 19. Si ati simu ni sumu, kuna watoto inawaokoa na upweke na watafiti wenyewe bado wanavutana kuhusu ukubwa wa madhara, lakini ripoti ya daktari mkuu wa Marekani ya 2023 ilisema vijana wanaozidisha masaa matatu kwa siku mitandaoni wako kwa hatari mara mbili ya dalili za wasiwasi na huzuni nzito.

Mimi ningeanza na usingizi, hayo mengine yatafuata. Saa saba mpaka saa kumi na moja ni masaa manne! Mtoto wa umri huo anahitaji 8 hadi 10, na saa ya mwili wake imesogea mbele yenyewe, hata bila simu angechelewa kusinzia. Simu zilale sitingirumu kwa chaja kuanzia saa tatu. Nimesema simuZ, ya baba pia, na yako unayoangalia hizo video za mapishi, la sivyo atakuona mnafiki na atakuwa sawa. Atasema ni alamu yake. Mnunulie saa ya kuamsha, mjini zimejaa.

Halafu kaeni pamoja muingie kwa setingi, Instagram tangu 2021 inakuruhusu kuficha hesabu ya laiki. Usimhubirie. Muulize tu hao tisa ni kina nani, utashangaa atakavyokuambia stori ndefu.

Ukiona wiki mbili hali chakula, hataki marafiki, ama anasema heri asingezaliwa, hiyo usingoje jibu langu, piga 116 ya Childline Kenya, ni bure usiku na mchana, na umpeleke hospitali.

SWALI: Mwalimu niko na 17. Nafuta TikTok Jumatatu, Ijumaa nimeirudisha. Nikiingia dakika tano nashtukia ni masaa mawili, na bando sina ni waifai ya jirani. Nina shida gani?
Kijana, Kangemi

JIBU: Shida si yote yako. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, hata mandazi huisha kwa sahani, lakini hiyo kitu ilitengenezwa isiishe. Ule ufundi wa kuskroli bila mwisho aliubuni Aza Raskin, mbunifu wa programu wa Marekani, mwaka 2006, na baadaye amesema wazi anajuta. Kwa hivyo mwisho itabidi uuweke wewe mwenyewe. Nunua bando ndogo ya siku, ikikatika imekatika, uende nje hata kama ni kusimama tu kwa kinyozi na wenzako. Na hiyo paswadi ya jirani, mwambie aibadilishe.