Mmeuliza juu ya watoto, nami nina neno juu ya mama yangu

Swali lenu la wiki hii: mtoto aanze kupelekwa milimani na mapangoni akiwa na umri gani? Nililisoma asubuhi nikichambua maharage, nikaweka ungo chini. Jibu lililonijia kwanza lilikuwa: mpelekeni hata akiwa mgongoni. Sisi wa Mbale, mashariki mwa Uganda, tukifungua dirisha tunauona Wanale, ambao ni ubavu tu wa Mlima Elgon, na bado mtaani kwetu kuna watoto waliomaliza darasa la saba bila kukanyaga Sipi, kwenye maporomoko ya maji. Watu wanavuka bahari kuja kuona kilicho nyuma ya nyumba zetu. Hilo linaniuma.

Lakini kila nikitaka kuandika juu ya watoto, anayenijia ni mama.

Ilikuwa Januari, mwaka juzi. Tulikodi gari tukaenda saba: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, mdogo wangu wa kike, na mama, ambaye alikuwa na miaka 71. Mama ni Msabiny, kabila la huko juu mlimani, aliolewa Mbale akiwa msichana na akazeekea mjini. Nasema ukweli, nilimchukua ili anisaidie kumshika kitindamimba wangu wa miaka minne wakati sisi wengine tunatembea. Sikufikiri kwamba naye ana la kutazama.

Sipi hatukukaa sana. Maporomoko ni matatu, na lile la chini, ambalo kimo chake kinakaribia mita 100, ndilo kila mtu hulipiga picha. Tukapiga zetu, manyunyu yakatulowesha, tukala chapati na mayai ya kuchemsha, kisha tukashika barabara ya vumbi hadi Kapkwai, hifadhi inakoanzia. Njia za kutembea ziko kadhaa. Ile ya mianzi inazunguka kilomita 7 na inapita pangoni. Tukapatana na mwongozaji atufikishe pangoni tu, turudi.

Mama akasema anakuja. Mdogo wangu akamwambia, "Mama, pumzika garini, kuna miteremko." Hakujibu. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatangulia. Mwongozaji, kijana wa hukohuko, akamwamkia kwa lugha yao, na tangu hapo wakawa wenyewe wawili mbele, sisi tunafuata. Mahali fulani alisimama kwenye mmea unaofanana na mgomba, jani lake la kijani likipitisha mwanga na mshipa wa katikati ukiwa mwekundu. "Hii ndiyo sep," akawaambia watoto. "Jina la Sipi limetoka hapa. Tukiugua surua tulipewa hii." Nimepita Sipi mara nyingi maishani mwangu, na sikuwa nalijua hilo.

Tukafika pangoni. Mdomo wake ni mpana, lakini ukiingia hatua chache giza linakupokea. Watoto wakubwa walianza kupiga kelele ili wasikie mwangwi. Mama hakwenda ndani. Alisimama pale nuru inapoishia, akapapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama anayetafuta mahali anapopajua. Kisha akakwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Unga wa kijivu ukamwangukia kiganjani. Akaulamba.

"Bado kuna chumvi," akasema.

Hapo ndipo alipoanza kusimulia, bado ameegemea ukuta. Kwamba alipokuwa mdogo walikuwa na pango lao, si hili, jingine la chini zaidi, ambako baba yake alipeleka ng'ombe wakalambe ukuta. Wasichana walikwaruza udongo, wakaujaza kikapuni kwa ajili ya ndama waliobaki nyumbani. Na kwamba wezi wa mifugo walipopanda kutoka tambarare, ukoo mzima ulilala pangoni pamoja na ng'ombe, na nyanya yake alimziba mdomo kwa kiganja usiku kucha kwa sababu alikuwa na kikohozi.

Binti yangu wa miaka 11 akamwuliza, "Bibi, ulikuwa unaogopa?"

"Nilikuwa nasikia joto la ndama," mama akasema. "Alilala hapa." Akagusa ubavu wake wa kushoto.

Mimi nina miaka 43. Nimelala kitanda kimoja na mama yangu utotoni, nimemuuguza, nimezika naye baba. Habari ile nilikuwa sijawahi kuisikia hata mara moja. Ilibidi aguse ule ukuta kwanza.

Mwongozaji akaongeza kwamba mwamba ule ni majivu ya volkano iliyozimika zamani sana, ndiyo maana una chumvi, na kwamba upande wa Kenya tembo huingia usiku katika pango la Kitum kuichimba kwa pembe zao. Watoto waliposikia tembo, ya ndama wakayasahau. Isipokuwa yule binti mkubwa. Yeye alirudi njia nzima amemshika bibi yake mkono.

Na kitindamimba, ambaye ndiye hasa mnayemuulizia? Alikuwa analia. Alichoka kabla ya nusu ya njia, baba yake akambeba, giza hakulitaka, harufu ya popo ikamchefua. Leo ukimwuliza, anachokumbuka ni chapati.

Kwa hiyo sina budi kulirudisha lile jibu langu la kwanza. Kuna pia jambo la popo. Mwaka 2008 mwanamke mmoja wa Uholanzi alikufa kwa Marburg, homa kali ya virusi, baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, huko magharibi mwa Uganda, na kabla yake, mwaka 1980 na 1987, wagonjwa wawili wa Marburg walikuwa wametembelea Kitum. Virusi hivyo hubebwa na popo walao matunda. Sisemi kila pango lina ugonjwa. Lakini mtoto wa miaka minne hushika kila kitu, kisha kidole mdomoni. Na mama yangu alilamba ukuta. Usiku ule nililala nikiliwaza hilo, na kwa siku nyingi nilikuwa namgusa paji la uso nikijifanya namsalimia.

Kama ni umri mnautaka, nasema miaka saba au minane, awe anatembea kwa miguu yake, abaki penye nuru, na isiwe miezi ya mvua, maana ni mlima huuhuu ulioporomoka Bududa mnamo Machi 2010. Mwenye mtoto mwepesi wa miguu anaweza kunipinga, na huenda ana haki. Ila mngeniuliza bibi wa watoto apelekwe lini, nisingetaja umri. Ningesema Januari hii, goti lake likiwa bado linapinda.

Mwenye gari nimeshazungumza naye. Kitindamimba atabaki kwa shangazi yake. Mama anataka tulitafute lile pango lao la chini. Jina lake amelisahau, lakini anasema mlangoni palikuwa na mkuyu, na kwamba akiuona ataujua.